Je, wajua kwa nini maharagwe ya Kisumu yalikataa kuiva Nakuru?

Wifi yangu alihamia Nakuru mwezi wa Januari akitoka Kisumu. Kati ya mizigo iliyoshushwa kwenye lori kulikuwa na nusu gunia la maharagwe ya nyayo, yale yenye madoadoa mekundu. Jumatatu yake ya kwanza kazini alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, akabandika sufuria kwenye gesi, akawaambia watoto wafanye homuweki, chakula kinakuja. Saa tatu na robo usiku akanipigia simu.

"Wifi, huku kwenu maharagwe huiva saa ngapi?"

"Kwani uliyabandika lini?"

"Tangu kumi na mbili unusu. Watoto wamekunywa chai na mkate, wamelala. Mimi niko hapa na mwiko."

Jirani wa mlango wa pili alimpa jibu asubuhi: Nakuru iko juu, vitu haviivi kama Kisumu. Basi jioni mbili zilizofuata familia ilikula chipsi na soseji za kando ya barabara, na wifi akaanza kujilaumu kwamba amehamia mji mpya akaacha kuwapikia watoto. Hilo la kujilaumu ndilo lililonisukuma nitafute jibu kamili, kwa sababu akina mama wengi ninaowajua hulibeba kila jioni, na kumbe sehemu kubwa ya lawama ni ya mbegu yenyewe.

Tuanze na jirani, maana hakukosea. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyaelemea. Mombasa hewa inaelemea kwa uzito wake wote, kwa hiyo maji hayachemki mpaka yafike nyuzijoto 100. Kadiri unavyopanda bara, hewa iliyobaki juu yako inapungua na maji yanachemka mapema. Kadirio rahisi ni kwamba kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja hivi. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni karibu nyuzi 94. Na yakishachemka, hayapandi tena. Ukiongeza moto sufuria itafanya fujo na kifuniko kitarukaruka, lakini maharagwe yatabaki kwenye joto lile lile. Gesi yako inageuka mvuke na kutokea dirishani. Ni heri upunguze moto, ufunike, uache itokote taratibu.

Lakini hesabu hiyo ilinitatiza. Nyuzi mbili zinaweza kukuongezea dakika kumi au ishirini hivi. Haziwezi kumweka mtu na mwiko karibu saa tatu.

Jumamosi tukafanya jaribio jikoni kwake. Nilipitia soko la Wakulima, nikanunua nyayo kwa mama aliyeniambia yametoka shambani Desemba. Tukachukua sufuria mbili za ukubwa mmoja, kikombe kimoja cha maharagwe kila upande, maji ya mfereji mmoja, moto sawa, bila kuloweka. Baada ya saa moja na dakika ishirini, ya Wakulima yalikuwa yanapondeka kati ya vidole viwili. Ya wifi yalikuwa yamekunjamana ganda tu. Ukitafuna moja, nje linalegea, ndani unakutana na chembechembe kavu kama unga wa mahindi ambao haujaguswa na maji. Tuliyaacha motoni mpaka saa tatu zikatimia, na bado mengine yalikuwa na kiini kigumu.

Mlima ulikuwa ule ule kwa sufuria zote mbili. Maji pia. Wifi alikuwa ameyatuhumu maji, kwa kuwa visima vya Nakuru vinajulikana kwa floridi, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia, lakini floridi haihusiki hapa. Maji yanayochelewesha maharagwe ni yale yenye kalsiamu nyingi, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika.

Tofauti ilikuwa ni umri. Maharagwe ya wifi yalivunwa kwao Vihiga mwezi wa Julai, yakaletwa Kisumu, yakakaa miezi sita kwenye chumba cha mabati kule Manyatta. Mara ya mwisho kuyapika ilikuwa Septemba, na yaliiva vizuri. Baada ya hapo kazi ilimzidi, akawa ananunua ya kuchemshwa mtaani, gunia likabaki pembeni linazeeka.

Na maharagwe huzeeka kwa namna ambayo jicho halioni upesi. Ndani ya mbegu kuna seli nyingi ndogo zilizopangwa kama matofali, na kati ya tofali na tofali kuna gundi iitwayo pektini. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya jamu igande. Kuiva kwa haragwe maana yake hasa ni gundi hiyo kuyeyuka, seli zikaachana, ukapata ule ulaini unaopondeka. Sasa, mbegu hiyo pia huhifadhi akiba ya fosforasi katika kitu kinachoitwa fitati, na fitati hukamata madini ya kalsiamu na magnesiamu na kuyashikilia. Maharagwe yakikaa miezi mingi penye joto na unyevu, kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu huvunja fitati kidogo kidogo. Kalsiamu na magnesiamu zinaachiliwa, zinakimbilia kwenye pektini na kuifunga kama nondo ndani ya zege. Gundi iliyofungwa hivyo haiyeyuki kwa maji yanayochemka, hata uyachemshe mpaka usiku wa manane. Joto na unyevu ndiyo hali ya Kisumu karibu mwaka mzima, na chini ya mabati ndiyo zaidi.

Ukishaelewa hiyo gundi, mambo mengi ya jikoni yanajieleza yenyewe.

Chukua magadi. Kemikali yake ya alkali huivunja pektini, na sodiamu yake huing'oa kalsiamu na kukaa mahali pake. Waluhya walilijua hili kwa njia nyingine: musherekha, maji yanayochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi, nayo ni alkali vilevile. Nyanyake wifi huko Vihiga hutia musherekha kwenye mrenda na kunde, na akipata maharagwe makuukuu huitia humo pia. Gharama yake ni kwamba alkali huharibu vitamini B1, na ukizidisha chakula huwa na ladha ya sabuni. Ncha ya kijiko inatosha sufuria nzima.

Chukua nyanya na ndimu. Asidi hufanya kinyume, huikaza pektini. Ndiyo maana mama zetu walichemsha kwanza, wakakaanga kitunguu na nyanya mwishoni. Ukitia nyanya kwenye sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva, umeyafungia hapo hapo.

Chumvi nayo imesingiziwa. Tuliambiwa inayafanya maharagwe kuwa magumu, lakini chumvi ni sodiamu pia. Kijiko kidogo katika lita moja ya maji ya kulowekea hulainisha ganda. Na kuloweka kwenyewe, usiku kucha, hufanya kazi mbili. Kilo moja ya maharagwe makavu hunywa maji mpaka ikakaribia kilo mbili, kwa hiyo moto unakuta maji yameshafika ndani na muda wa kupika unapungua sana. Pili, sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo hewa huyeyukia kwenye maji hayo. Yamwage, tia mengine.

Kuna na lile la parasetamoli. Watu husema wauzaji wa githeri hutia vidonge ili iive haraka. Dawa hiyo si alkali, wala haiondoi kalsiamu kwenye pektini, kwa hiyo haina la kufanya ndani ya sufuria isipokuwa kumdhuru anayekula, maana ikizidi huumiza ini. Kama kuna anayeitia, anahatarisha wateja na gesi yake haipungui hata kidogo.

Nirudi kwa wifi na zile jioni mbili za chipsi. Tunapozungumza juu ya chakula cha nyumbani na chakula cha haraka, huwa tunasema "sina muda" kana kwamba muda ni wa aina moja. Maharagwe yanahitaji muda mrefu wa moto, ila muda wa mikono ni mfupi mno: kuchambua mawe, kuosha, kubandika, na baadaye kukaanga. Ukijumlisha ni kama nusu saa. Chapati ni kinyume chake, moto kidogo na mikono jioni nzima. Mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili hawezi kupata saa mbili za moto kabla watoto hawajasinzia, lakini nusu saa ya mikono anayo. Kwa hiyo la kutafuta ni nani atakuangalizia moto.

Nakuru kila mtaa una jibu lake, iwe ni Kaptembwo, Langalanga au Free Area: yule mama aliyekaa kando ya njia na sufuria kubwa, maharagwe upande mmoja na githeri upande mwingine, akipima kwa kikombe. Anabandika asubuhi. Sufuria yake moja hubeba kilo ishirini, na sufuria kubwa hupoteza joto kidogo kwa kila kilo kuliko sufuria ndogo ishirini kwenye nyumba ishirini. Moto wake mmoja unapikia ploti nzima. Mimi siwezi kuiita hiyo chakula cha dukani. Ukinunua vikombe viwili kwake, ukarudi ukakaanga na kitunguu, nyanya na karoti, ukavichemsha tena vizuri, umepika. Watoto wanasikia harufu ya kitunguu ile ile. Wifi mwenyewe alikuwa akifanya hivyo Kisumu bila kuona haya, na sielewi kwa nini kuhama mji kulimfanya aone ni uzembe.

Ukitaka moto wako mwenyewe uwake ukiwa haupo, kuna kikapu cha kupikia, kile kilichozungushiwa tandiko nene ndani na mto juu. Unaloweka usiku, asubuhi unachemsha nusu saa wakati unawaandaa watoto, unafunika sufuria na kuizika kikapuni, unaenda zako. Joto lililobaki linamaliza kazi. Ila ile nusu saa ya kuchemka usiifupishe. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na kuchemka kwa nguvu. Yakipashwa tu bila kuchemka yanaweza kumtapisha mtu vibaya, hata kama yamelainika. Na jioni ukifungua kikapu, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuyakaanga.

Sufuria ya presha ndiyo inayoishinda Nakuru waziwazi. Inafunga mvuke ndani, shinikizo linapanda, maji yanapita nyuzi 110 kabla ya kugeuka mvuke, na mlima haukusumbui tena. Maharagwe yaliyolowekwa huiva humo kwa dakika ishirini hivi. Ni ghali kununua, na wengine bado huogopa mlio wake, lakini kwa nyumba inayokula maharagwe mara tatu kwa wiki nafikiri ndiyo kitu cha kwanza kuwekea akiba, kabla hata ya maikrowevu. Kama kuna friji, pika ya kilo nzima Jumapili, gawa kwenye mikebe. Yatakaa siku tatu au nne, na kwenye friza yatakaa miezi.

Lile nusu gunia halikutupwa. Wifi huyaloweka usiku na magadi kidogo, kisha yanaingia kwenye presha niliyomwazima, na sasa yanaiva, ingawa hayana ladha kama mapya. Hataki tena kuweka gunia. Jumamosi iliyopita tulienda wote Wakulima. Alitumbukiza mkono ndani kabisa ya gunia, akatoa haragwe moja, akaliweka kiganjani kando ya lingine la juu. La juu lilikuwa jeupe kama maziwa kati ya yale madoa mekundu. La chini, weupe huo ulikuwa umegeuka kahawia.

"Mama, haya ni ya msimu gani?"

Muuzaji alimtazama kidogo, akavuta gunia jingine kutoka nyuma ya meza. "Chukua hapa. Hayo ya chini ni ya mwaka jana."

Akapimiwa gorogoro moja.