Kuinua bodi au kuinua springi: anza na kinachogusa

Swali hili huulizwa kinyumenyume: "Niinue inchi ngapi?" Kabla ya inchi, nataka kujua gari linagusa wapi. Tairi likisugua madigadi ukikata kona, hiyo ni shida moja. Tumbo la gari likikalia tuta, au bampa likichimba udongo kabla tairi halijaanza kupanda, hiyo ni nyingine. Na kama ni difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) inayoburuza katikati ya mifereji ya magurudumu, weka spana chini kwanza. Kati ya njia hizi mbili, kuinua bodi na kuinua springi, hakuna itakayokusaidia.

Kwenye ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu ya kushoto na kulia), difu imefungamana na magurudumu. Weka springi ndefu upendavyo: chesisi itapanda, bodi itapanda, difu itabaki palepale. Kinachoiinua ni tairi kubwa peke yake, tena kwa nusu tu ya nyongeza ya kipenyo. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. La 285/75R16 lina 834. Umeongeza 57, difu imepanda 28 na ushee, na spidomita sasa inakudanganya: ikisoma 100 wewe uko 107. Kwa hiyo tairi huchaguliwa kwanza, halafu gari linainuliwa kiasi cha kulipa nafasi, si zaidi.

Kuinua bodi

Hapa unaweka bloku za nailoni ngumu, poliyurethani au alumini kati ya bodi na chesisi, na bolti za zamani zinabadilishwa kwa ndefu za daraja la 8.8 au zaidi. Vifaa vya kununua huwa vya milimita 25 hadi 75. Binafsi naishia 50, na sababu utaziona. Gari lazima liwe na chesisi inayojitegemea: Land Cruiser 70, Hilux, Jimny, Patrol. Pajero ya kizazi kilichotoka 1999 na Defender iliyozinduliwa 2019 zina bodi iliyo kitu kimoja na chesisi, basi njia hii kwao haipo.

Uzuri wake ni kwamba springi, shokapu, pembe za propela shafti na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) haziguswi. Gari linaendeshwa karibu vilevile na tairi linapata nafasi. Lakini chesisi haijasogea hata milimita moja, kwa hiyo tumbo litakalia tuta lilelile.

Ugumu wote uko kwenye vitu vinavyounganisha bodi na chesisi. Rejeta imefungwa kwenye bodi, feni iko kwenye injini. Bodi ikipanda milimita 50, kava ya feni inapanda nayo, na mdomo wake wa chini unakaribia mapanga. Gari likiwa limesimama utaona nafasi ya kidole kimoja na kuridhika. Injini ikijitikisa kwenye raba zake wakati wa kupanda kilima, mapanga yanakula plastiki, na kipande kinachoruka kinaweza kutoboa rejeta. Shusha rejeta kwa mabano, au kata kava na kuishusha. Usiiache.

Shafti ya usukani kati ya kabini na stelingi boksi nayo inavutwa. Nyingi zina meno yanayoteleza ndani ya bomba, kwa hiyo inarefuka yenyewe na fundi anafurahi. Fungua uone meno mangapi bado yameshikana. Yakibaki machache, weka kipande cha kurefushia kilichotengenezwa kwa gari hilo. Usukani kuchomoka si jambo la kujaribu bahati.

Kagua pia bomba la kujazia mafuta, paipu za breki na klachi, kebo ya handibreki, na levya za gia zitakazogonga ukingo wa tundu la sakafu. Waya wa ethi kati ya bodi na injini husahaulika sana. Ukikatika kwa kuvutwa, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na mara nyingi unapita kwenye kebo ya chuma hadi inachomeka.

Kazi yenyewe: siku moja kabla, nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu. Toa waya hasi wa betri. Legeza bolti za pande zote mbili, kisha toa za upande mmoja tu. Weka ubao mrefu chini ya kizingiti cha mlango na ujeki pole pole, mwenzako akiangalia paipu na waya. Usijeki pembe moja, bodi itapinda. Bloku iwe moja kila sehemu, usipange mbili mbili. Panapoharibika zaidi ni nati zilizochomelewa ndani ya bodi: kutu ikizishika, zinazunguka pamoja na bolti, na hapo unakata sakafu ili kuzifikia. Gari lenye kutu kwenye mashikio ya bodi siliinui bodi kabisa.

Kuinua springi

Hapa chesisi inapanda. Pembe ya kukabili kilima, ya kushuka na ya kupita tuta zote zinaboreka, na springi sahihi hubeba mzigo wa bampa la chuma na winchi bila gari kulalia pua. Kwa anayekwama tumbo, njia ni hii.

Gharama yake iko kwenye jiometria. Gari la koili na ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 80 au Jimny, ekseli inazunguka kidogo kila unapoliinua, na kasta inapungua: karibu digrii moja kwa kila milimita 25. Kasta ni ule mlalo wa kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia) kuelekea nyuma unaoufanya usukani ujirudie wenyewe baada ya kona. Ikipotea, gari linatangatanga barabarani na unalirekebisha kila sekunde. Dawa ni bushi za kurekebisha kasta au mabano, na kuanzia milimita 50 hizo si anasa. Rodi ya Panhard, inayoizuia ekseli isiende pembeni, nayo huivuta ekseli upande mmoja. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi chesisi kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimita moja, weka rodi ya kurekebishika.

Kwenye springi za majani watu hupenda njia ya mkato ya shako ndefu (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi). Shako iliyorefushwa milimita 50 inainua gari 25 tu, na inageuza ekseli. Bloku juu ya ekseli ya nyuma inakubalika ikiwa ya kiasi. Mbele, kamwe: breki zikishika, ekseli inajaribu kujiviringisha na bloku inaweza kuchomoka. Yubolti za zamani zishavutika, nunua mpya.

Magari yenye suspensheni huru mbele, kama Hilux za kuanzia 2005 na Prado 120, yana kikomo cha mapema. Ukipita milimita 50 hivi, pembe za CV jointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu) zinakuwa kali, buti zake za mpira zinachanika, na mkono wa juu wa suspensheni unakaribia springi. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inainua gari karibu mara mbili ya unene wake, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono. Tatizo halionekani: safari yote ya shokapu imesogezwa chini, kwa hiyo gurudumu likisukumwa juu shokapu inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla raba ya kuzuia haijaguswa. Mimi ningeweka springi na shokapu ndefu kamili.

Chochote utakachofunga, weka paipu za breki ndefu, kagua vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa kifimbo kilichofungwa kwenye ekseli (gari likiinuka inadhani halina mzigo na kupunguza breki), kisha nenda alaimenti na ushushe mwanga wa taa.

Vipimo kabla ya kununua

Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, si kutoka ardhini, ili tairi na upepo visikuchanganye. Kisha toa koili moja ya mbele, jeki ekseli upande huo mpaka raba ya kuzuia iguswe, na uzungushe usukani mwisho hadi mwisho tairi jipya likiwa limefungwa. Kinachogusa hapo ndicho kitakachogusa njiani. Ikiwa ni plastiki ya bampa, kisu kinatosha. Ikiwa ni ukuta wa nyuma wa madigadi kwa sentimita mbili, springi za milimita 50 pamoja na bodi ya 25 zinanipendeza kuliko milimita 100 za springi peke yake, kwa kuwa jiometria inabaki ndani ya uwezo wa bushi na uzito mkubwa wa chesisi haupandi bure.

Baada ya kilomita 500 kaza upya bolti za bodi na yubolti kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia). Bushi za mpira za mikono kaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki; ukizikaza zikining'inia, mpira unapindika muda wote na kuchanika mapema.