Kuvu katika tope la mikoko: yanayodhaniwa na yalivyo

«Tope lile ni la chumvi na halina hewa, kuvu haziwezi kuishi humo.»

Harufu ya yai viza inayompokea mtu akanyagapo tope la mikoko wakati wa maji kupwa ndiyo inayoipa dhana hii nguvu. Harufu hiyo hutokana na bakteria wanaotumia salfati badala ya oksijeni, nayo ni ushahidi kwamba chini hakuna hewa. Kosa ni kulichukulia tope lote kuwa kitu kimoja. Milimita chache za juu hupata hewa kila maji yanapokupwa, mashimo ya kaa huishusha hewa hiyo chini zaidi, na mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ile inayochomoza kama vijiti, huipitisha ndani kwa ndani hadi nyingine ikavuja kwenye udongo. Ukilikata tope kwa kisu kando ya mzizi ulio hai, huenda ukaona ukanda mwembamba wa rangi ya kutu ukiuzunguka mzizi katikati ya weusi: ni chuma iliyokutana na oksijeni. Katika kanda kama hizo, na katika vipande vya mti vinavyooza juu ya tope, kuvu hupata makazi.

Chumvi nayo si kizuizi kama inavyodhaniwa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na udongo unaofikiwa na bamvua pekee waweza kuzidi hapo, kwa kuwa jua huvukiza maji na kuiacha chumvi. Kuvu nyingi hukusanya gliseroli, kemikali inayoyashikilia maji, ndani ya seli ili maji yao yasifyonzwe nje. Hamira nyeusi iitwayo Hortaea werneckii huota hata katika maji yanayokaribia kushiba chumvi.

«Pasipo uyoga hapana kuvu.»

Sehemu kubwa ya kuvu za mikokoni ni za kundi la Ascomycota, ambazo hazitoi uyoga wa kuonekana. Hata Halocyphina villosa, jamaa wa uyoga anayeota juu ya miti ya mikoko, hutoa kikombe kisichofika milimita moja.

«Orodha ya spishi zilizopatikana ndiyo orodha ya wakazi.»

Dhana hii naiona kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu huwapata hata wasomi. Udongo ukioteshwa katika sahani ya maabara, Aspergillus na Penicillium hujitokeza kwanza, kwani hukua upesi na hutoa spora, yaani chembe za kuzalia, nyingi mno. Wingi wao sahanini hauthibitishi wingi wao topeni. Usomaji wa DNA, hasa kipande chake kiitwacho ITS kilichopendekezwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha kuvu zote, umefichua kuvu nyingi zisizooteka, lakini nao husoma bila kubagua seli iliyokufa, spora iliyolala na uzi wa kuvu unaokua. Spora iliyoletwa na mto kutoka bara itaandikwa pamoja na mwenyeji. Ili kujua ni ipi inayofanya kazi, hutafutwa RNA, nakala ambayo seli hai huitoa kutoka kwenye DNA na ambayo huharibika mapema zaidi. Tena, matokeo mengi hayalingani na jina lolote, jambo lisiloshangaza: makadirio ya mwaka 2017 yalitaja spishi kati ya milioni 2.2 na 3.8 duniani, ilhali zilizokwisha kupewa majina ni takriban 150,000.

«Mikoko haishirikiani na kuvu mizizini.»

Ndivyo ilivyoaminika zamani. Kuvu za mikoriza, yaani zile zinazoishi na mizizi na kubadilishana chakula na mmea, zimepatikana ndani ya mizizi ya mikoko katika delta ya Ganges na kusini mwa China, ingawa kwa kawaida hupungua pale udongo unapofunikwa na maji kwa muda mrefu.

Halophytophthora, mojawapo ya viumbe wa kwanza kuvamia jani la mkoko linapoangukia majini, iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa kuvu kwa sababu ya nyuzi zake. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia, hivyo anayesoma orodha za zamani hana budi kuiondoa kabla ya kuanza kuhesabu.