"Amelala, hasikii kitu"

"Mtoto mdogo huyo, ataelewa nini? Tena amelala." Husemwa sana ndoa inapoelekea talaka na sauti zinapopanda usiku. Si kweli.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliwapiga picha za ubongo watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini huku wakichezewa sauti ya mtu: mara ya furaha, mara ya hasira. Waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia hasira kwa nguvu zaidi, katika sehemu zinazohusika na hisia na msongo. Usingizi haukuwa kinga.

Mwili nao hausahau upesi. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwatia watu wazima 201 wenye afya virusi vya mafua puani. Wale ambao wazazi wao walitengana na wakanuniana kwa miaka, uwezekano wao wa kuugua ulikuwa zaidi ya mara tatu ya waliolelewa na wazazi walioishi pamoja. Na ambao wazazi walitengana lakini wakaendelea kusemezana? Hawakuugua zaidi ya hao waliolelewa na wazazi wote wawili pamoja. (Huo ni uhusiano wa kitakwimu tu, si hukumu ya kila mtoto.)

Kwa hiyo lile tumbo la mtoto linalouma kila Ijumaa jioni, baba anapokuja kumchukua, huenda si kudeka. Anajua mama atakachomwambia getini: "Mwambie baba yako alete ada." Baba yuko hatua mbili tu.