Je, wajua kwa nini kuna watu waliopigana na Roma ili wawe Warumi?

Aliyechoka kutawaliwa kwa kawaida hupigania kujitenga. Mwaka 91 KK, washirika wa Roma ndani ya Italia walishika silaha baada ya kunyimwa uraia wa Roma.

Chanzo ni namna Roma ilivyopanuka. Mwaka 338 KK iliwashinda majirani zake Walatini, ikauvunja umoja wao na kupatana na kila mji peke yake. Baadhi ya miji ilipata uraia kamili. Mingine ilipata uraia usio na kura, na iliyobaki ikawa miji shirika tu. Washirika hawakulipa kodi; walitakiwa kuleta askari. Kwa hiyo kila mji ulioshindwa uliongeza jeshi la kuushinda mji unaofuata. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya Roma, kuliko hata ukali wa panga zake.

Lakini askari hao, waliokuwa karibu nusu ya jeshi au zaidi, wakirudi kwao hawakuwa na kura wala kinga. Mwanasiasa Gaius Gracchus aliwasimulia Warumi kisa cha mji wa Teanum. Konsuli, yaani kiongozi mkuu wa Roma, alifika huko na mkewe, na mke akataka kuoga katika hamamu ya wanaume. Marcus Marius, mtu mashuhuri kuliko wote mjini, akaagiza waliokuwemo watolewe. Mke akalalamika kwamba wamechelewa kumpisha na hamamu haikuwa safi. Basi mti ukasimikwa katikati ya uwanja, Marius akavuliwa nguo, akachapwa fimbo mbele ya watu wake. Mzee wa mji mzima!

Mwanasiasa mwingine wa Roma, Marcus Livius Drusus, alipopendekeza washirika wapewe uraia, aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake. Vita vikalipuka. Waasi waliufanya mji wa Corfinium kuwa makao yao makuu, wakauita Italica, na wakatengeneza sarafu zenye fahali wa Italia akimpiga pembe mbwamwitu wa Roma. Roma haikushindwa vitani, ila mwaka 90 KK ilipitisha sheria ya kuwapa uraia miji iliyobaki upande wake, na wengine wakafuata. Sensa ya mwaka 115 KK ilihesabu raia 394,336. Ile ya mwaka 70 KK ilihesabu 910,000.

Tatizo ni kwamba serikali ilibaki ile ile ya mji mmoja. Kupiga kura kulikuwa Roma tu, tena kwa kufika mwenyewe. Mkulima wa kaskazini mwa Italia angeacha shamba na kutembea siku nyingi kwa ajili ya kura moja. Huko majimboni magavana walikaa na majeshi mbali na macho ya Baraza la Seneti, na askari wakamtegemea jemadari wao kwa mishahara na mashamba. Mwaka 88 KK jemadari Sulla aliliongoza jeshi lake kuiingia Roma yenyewe. Kuanzia 27 KK Augustus, kaisari wa kwanza, akatawala peke yake.

Kura ikafifia, lakini uraia ukabaki kuwa ngao mbele ya sheria. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanamkumbuka Paulo kule Yerusalemu: amekwisha kufungwa kamba tayari kwa mijeledi, anauliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Jemadari, ambaye uraia wake mwenyewe aliununua kwa fedha nyingi, akaogopa.

Mwaka 212 BK kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi wakati huo, anasema shabaha ilikuwa kodi, maana kodi ya urithi ilitozwa raia. Raia wapya walichukua jina la ukoo wa kaisari, na katika hati za mafunjo za Misri za miaka iliyofuata wakulima wa vijijini wanajaa ghafla jina la Aurelius.