Jeraha la kasa anayetaga: lipi la asili, lipi la binadamu?

Kasa jike hupanda nchi kavu usiku, kutaga tu, na hapo ndipo watu wa Juani kule Mafia, Msimbati kule Mtwara au Watamu kule Kenya humwona mwili mzima na makovu yake yote. Wanaolinda viota huyaandika makovu hayo na kuyagawa mafungu mawili. Jeraha la asili ni lile lililotokana na bahari na viumbe wake. Jeraha la binadamu limeletwa na chombo, nyavu, ndoana au mkono wa mtu.

Papa akimng'ata kasa huondoka na kipande. Ukingo wa gamba hubaki na pengo lililopinda kama mwezi mchanga, na mara nyingi pezi la upande huohuo limekwenda nalo. Kujamiiana nako huumiza: dume humng'ang'ania jike kwa kucha za mapezi ya mbele kwa saa nyingi huku akimuuma shingoni. Kwa hiyo mikwaruzo mibichi shingoni na juu ya mabega, msimu wa kutaga, isimtishe mtu. Vivimbe laini shingoni au machoni ni jambo jingine kabisa. Huo ni ugonjwa wa virusi na hauingii kwenye hesabu ya majeraha.

Rafadha, yaani panga la injini ya boti linalozunguka majini, huacha mikato iliyonyooka, miwili au mitatu, sambamba, iliyoachana karibu sawasawa. Wengi hudhani gamba ni kifuniko tu. La hasha! Ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, na mapafu yamelala papo hapo chini yake. Mkato ukipenya, hewa huvujia mwilini na kasa huelea asiweze kuzama kutafuta chakula. Ukifika kwenye uti, mapezi ya nyuma hupooza. Nyavu na mshipi hufanya kazi yake polepole: uzi hukaza pezi, damu haifiki, pezi huoza na kukatika. Kinachobaki ni kisiki, na gamba la jirani halina pengo lolote. Hapo ndipo unapomtofautisha papa na jarife, yaani wavu wa macho makubwa.

Kwa kasa anayetaga, hasara kubwa ni kupoteza pezi la nyuma. Shimo la mayai huchimbwa kwa mapezi hayo mawili kwa zamu, moja likichota mchanga huku jingine likisubiri. Mwenye kisiki haachi zamu hizo. Wakati wa kisiki ukifika, hukipeleka shimoni kikachezacheza bila kutoa hata punje, kisha pezi zima hushika tena. Shimo hutoka fupi au limekaa upande, na mayai, ambayo kwa kawaida hufika mia moja hivi, hukaa karibu na juu ambako kenge, mbwa na mawimbi huyafikia kirahisi. Wengine hukata tamaa, wakarudi majini na kujaribu tena baadaye.

Mgawanyo huu una mtego wake. Kasa aliyedhoofishwa na ndoana ni rahisi kung'atwa na papa, na anayeelea kwa ugonjwa ni rahisi kugongwa na boti. Kovu huonyesha kilichomkata, halisemi kwa nini alishindwa kukwepa. Kubwa zaidi ni kwamba ufukweni tunahesabu waliopona. Kasa hupumua hewa kama sisi, kwa hiyo akinaswa na jarife chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi, pengine bila kidonda chochote. Aliyechinjwa kwa ajili ya nyama na mafuta naye harudi msimu mwingine kuonyesha kovu. Ufukwe ukiwa na alama nyingi za papa kuliko za nyavu, usikimbilie kumlaumu papa. Daftari la viota linapaswa kusomwa pamoja na la mizoga inayotupwa pwani na ile inayokutwa nyavuni.