Uwanja wa nyumbani maana yake nini kwa soka la Bongo

Oktoba 2024 Coastal Union ya Tanga iliikaribisha Yanga hapa Arusha, Sheikh Amri Abeid, wakalala 1-0, na kwenye karatasi Coastal ndo walikuwa nyumbani. Madogo wengi huwa wanauliza inakuwaje timu ya Tanga iwe nyumbani Arusha, sasa ngoja tuelezane.

Kwenye ligi yetu uwanja wa nyumbani ni ule ambao timu imeuandikisha kwamba mechi zake za wenyeji zitapigwa hapo, basi. Si lazima uwe mali yako wala uwe mkoani kwako. Bodi ya Ligi wanakuja wanakagua nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio na mambo kama hayo, ukishindwa vigezo unafungiwa na hapo unabeba mabegi unaenda kuomba hifadhi mkoa mwingine mpaka mambo yakae sawa.

Kinachochanganya watu ni kwamba timu nyingi hazina viwanja vyao kabisa. Azam wao wana Chamazi yao, hao waache. Simba na Yanga pamoja na ukubwa wote ule miaka nenda rudi wamekuwa wakiita nyumbani Uwanja wa Benjamin Mkapa ambao ni wa serikali, watu 60,000, umejengwa na Wachina ukafunguliwa 2007, enzi hizo tukiuita Uwanja wa Taifa mpaka mzee Mkapa alipofariki Julai 2020 Rais Magufuli akaupa jina lake. Wakikutana wao kwa wao, mwenyeji na mgeni wote wako uwanja uleule wanaoujua kona zote, tofauti inabaki kwenye mgao wa majukwaa na nani anachukua hela ya getini. Pembeni yake kuna Uhuru, Shamba la Bibi, ule wa zamani ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa 9 Desemba 1961.

Mikoani ndo kuna historia yenyewe. Viwanja vingi vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wakachangia, vyama vingi viliporudi 1992 viwanja vikabaki kwa CCM, ndo maana unasikia CCM Kirumba Mwanza, CCM Mkwakwani Tanga, na huu wetu wa Amri Abeid nao ni wa chama. Kuna wanaosema virudishwe halmashauri, kuna wanaosema ni mali halali ya chama, ubishi huo hauishi leo. Mimi naona tatizo kubwa ni matunzo, maana mwenye uwanja hana timu na mwenye timu hana uwanja, sasa nani atamwagilia nyasi kiangazi?

Tukirudi kwetu, Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadae waziri, akafariki 1964. Uwanja uko katikati ya mji kabisa, nje umezungukwa na fremu za maduka, stendi ipo jirani hadi jukwaani unasikia wapiga debe wanavyoita abiria, na kukiwa hakuna mawingu Mlima Meru unauona vizuri tu. Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa, Yanga na Coastal haohao, 3-3, penalti zikaipa Yanga kombe. Timu ya mkoa sasa! Tangu JKT Oljoro ya hapa Arusha washuke 2014 Ligi Kuu tunaiona kwa kuazima.

Moshi kuna Ushirika, uko chuo cha ushirika pale, Polisi Tanzania waliutumia mpaka waliposhuka 2023, ila wengi nje ya Kilimanjaro wanaujua kwa sababu ya Kilimanjaro Marathoni.

Na sio kwenye ligi tu, CAF, shirikisho la soka la Afrika, nao wana ukaguzi wao. Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, mechi ya marudiano ikatolewa kwa Mkapa ikapelekwa Amaan, Zanzibar, ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco kwa vile kule walishapigwa 2-0. Mashabiki walilia sana siku zile, kwa Mkapa hatoki mtu tulizoea, ila ukiangalia sheria Amaan ndo ilikuwa nyumbani kwao siku hiyo.

Kule Olmoti, hapahapa Arusha, sasa kuna uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ambayo tunaandaa na Kenya na Uganda. Baada ya AFCON atauandikisha nani kama nyumbani? Kwa hali ilivyo naona watakuwa walewale wageni waliofungiwa kwao, labda Mbuni, timu ya hapa Arusha, wapande Ligi Kuu.