Bomba la majitaka lililobonyea: lichimbwe au liachwe?

Bomba la majitaka la nyumbani kwa kawaida halina pampu. Maji ya choo, bafu na jikoni husafiri kwa kuteremka tu, ndiyo maana fundi anayelilaza hatembei bila pima maji. Bomba la inchi nne hulazwa kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kwa urefu wa mita 10, basi, tofauti ya juu na chini ni sentimita 10 hadi 20. Ni kidogo sana, kwa hiyo udongo ukititia sentimita chache tu mahali pamoja, bonde limeshapatikana. Hapo ndipo tunasema bomba limebonyea: kipande kimeshuka kuliko kile kinachofuata mbele yake, na maji yanatuama humo hata pale nyumba nzima imelala.

Mara nyingi chanzo ni mtaro wenyewe. Ulichimbwa kupita kina, ukajazwa udongo laini usioshindiliwa, bomba likalazwa juu. Mvua zikinyesha misimu kadhaa, udongo unakaa na bomba linaufuata. Pengine ni kiungio kinachovuja na kuondoa mchanga ulio chini yake, au magari mazito yanayopita juu ya bomba lililofukiwa kwa kina kifupi. Bomba lililoning'inizwa chini ya sakafu nalo hulegea kama vishikizo vimeachana mno. La plastiki linataka kishikizo kila baada ya mita 1.2 hivi. Hilo halina mjadala: ongeza vishikizo, rudisha mteremko, basi.

Kinachoumiza kichwa ni bomba lililo chini ya ardhi, au mbaya zaidi, chini ya sakafu ya zege.

Maji kutuama peke yake si balaa. Balaa ni kwamba yakifika bondeni yanapoteza mwendo, na kinyesi na karatasi vilivyokuwa vinabebwa vinatua. Mafuta ya jikoni yanapoa na kugandia ukutani, kwenye usawa wa maji. Ukivuta maji chooni, tundu la bafu linakoroma. Unaita fundi azibue, na baada ya miezi michache mmerudi palepale. Kuziba kunakojirudia sehemu ileile ndiyo dalili ya kuitilia maanani kuliko zote.

Kabla ya kukubali kuchimba, dai picha za kamera, na hapa wengi wanaingizwa mjini. Kizibo kilicho mbele hurudisha maji nyuma, na kamera ikipita humo bomba zima litaonekana limebonyea. Kwa hiyo bomba lizibuliwe na kusafishwa kwanza. Yafunguliwe maji kwa dakika kadhaa, yafungwe, yaachwe yateremke, ndipo kamera iingie. Tazama lenzi inapozama na inapoibuka, kisha soma mita kwenye kebo: huo ndio urefu wa bonde. Tazama pia maji yamefika wapi. Yakiwa chini ya robo ya bomba, kwa kipande kifupi, na bomba halina ufa wala historia ya kuziba, mimi nisingegusa kitu. Ningezuia mafuta yasimwagwe kwenye sinki na kurudia kamera baada ya mwaka, mita zilezile. Bonde ambalo halijakua ni udongo uliokwisha kukaa. Likiwa limerefuka, ardhi bado inatembea na kungoja kutakuongezea gharama. Maji yakipita nusu ya bomba, au lenzi ikizama kabisa kwa mita kadhaa, au viungio vikiwa vimeachana na mizizi imeingia, hapo chimba.

Ukiambiwa kuna njia ya kuvisha bomba ngozi mpya kwa ndani bila kuchimba, ni kweli ipo, na kwa nyufa na mizizi inafaa sana. Kwa bonde haisaidii kitu, kwa sababu ngozi hiyo hufuata umbo la bomba linaloibeba. Utakuwa umelipia bonde jipya.

Kuchimba nako kuna namna yake. Kukata kipande kilichozama tu hakutoshi. Fundi aendelee pande zote mbili mpaka akute bomba lenye mteremko sahihi, la sivyo ataunganisha kipya kwenye kilicholegea. Kama kuna kiungio kilichokuwa kinavuja, kirekebishwe humo humo. Chini ya bomba uwekwe mchanga au kokoto ndogo na kushindiliwa, kisha bomba lipimwe tena. Usiruhusu udongo urudishwe kabla maji hayajapitishwa na kamera kuonyesha yameisha yote, maana kasoro inayoonekana mtaro ukiwa wazi hurekebishwa siku hiyohiyo, na kwa kawaida fundi hatakudai pesa ya pili.